Visiwa vya Ziwa Victoria na Udongo Wetu



Katika sehemu nyingi za Usukuma kuna vilima vya mawe. Huenda kimoja kiko karibu na kijiji chako. Labda umewahi kukipanda ulipokuwa mtoto ukichunga ng'ombe.

Ukifika juu unaona mbali. Chini unaona mbuga, mashamba ya pamba na mpunga, na njia ya kwenda mnadani.

Sasa fikiri kwamba maji yamejaa mbuga yote. Yamefunika mashamba. Yamefunika njia. Yamekizunguka kilima pande zote, kikabaki kilele tu. Watu walioko juu hawawezi kutoka bila mtumbwi.

Hapo umepata kisiwa. Visiwa vingi vya Ziwa Victoria viko hivyo. Ni vilima vilivyozungukwa na maji.

Katika somo hili tutatembelea visiwa vinne vya ziwa hilo. Tutaona uzuri wake. Lakini tutaona pia jambo lingine. Visiwa hivyo havikutengana na shamba lako. Kuna kamba inayoviunganisha na shamba hilo. Tutaitaja kamba hiyo baadaye.

ZIWA LILIVYOTOKEA

Ziwa Victoria ni ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika. Eneo lake ni kilometa za mraba 68,800 hivi. Mkoa wetu wa Simiyu ungeweza kuingia humo mara mbili, na nafasi ikabaki. Nchi tatu zinagawana ziwa hili: Tanzania, Uganda na Kenya. Karibu nusu yake iko Tanzania.

Ziwa hili ni pana sana, lakini si la kina kirefu. Mahali penye kina kikubwa ni meta 80 hivi. Ziwa Tanganyika lina kina kikubwa zaidi ya mara kumi ya hapo.

Ziwa lilitokeaje? Wataalamu wanatuambia kwamba zamani sana mito ya sehemu hizi ilitiririka kwenda magharibi. Kisha ardhi ya magharibi ikainuka polepole. Mito ikazibwa njia. Maji yakarudi nyuma, yakajaa mabonde. Vilima virefu vikabaki juu ya maji.

Wataalamu wamechimba tope la chini ya ziwa na kulichunguza. Wamegundua kwamba ziwa hili liliwahi kukauka. Miaka 15,000 hivi iliyopita pale penye maji leo palikuwa nchi kavu. Baadaye mvua zikaongezeka, na ziwa likajaa tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ziwa si kitu kisichobadilika. Linaweza kuongezeka na kupungua. Linaweza kuwa safi au kuharibika.

KISIWA CHA SAANANE

Tuanze safari yetu Bariadi. Tunapanda basi mpaka Lamadi, wilayani Busega. Hapo tunakutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Tunaelekea Mwanza kwa kupitia Magu. Upande wa kulia, mara kwa mara, tunaliona ziwa. Sehemu hiyo inaitwa Ghuba ya Speke. Ghuba ni sehemu ya ziwa au bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu. Jina la ghuba hii linatokana na Mwingereza John Hanning Speke, aliyeliona ziwa hili mwaka 1858. Bila shaka wenyeji walilijua ziwa lao tangu zamani. Wengi waliliita Nyanza.

Tukifika Mwanza tunaona mawe makubwa kila mahali. Nyumba zimejengwa katikati ya mawe. Mengine yamesimama ndani ya maji. Jiwe moja mashuhuri, linaloitwa Jiwe la Bismarck, limekaa juu ya mawe mengine kana kwamba litaanguka leo. Lakini halijaanguka.

Karibu na mji kuna kisiwa kidogo cha mawe na majani. Kinaitwa Saanane. Ukipanda boti unafika kwa dakika chache tu. Jina lake linatokana na mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima huko. Mwaka 1964 kisiwa hicho kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini.

Huko utaona swala pala wakila majani. Utaona pimbi wakiota jua juu ya mawe. Utaona mijusi wa rangi nyekundu na bluu, na ndege wengi wa majini. Huenda utasema, "Pimbi na mijusi hata kwetu wapo." Ni kweli. Lakini hapo wanaishi karibu kabisa na jiji kubwa, na hakuna anayewapiga mawe. Ndiyo sababu hawakimbii.

KISIWA CHA RUBONDO

Kisiwa cha pili kiko mbali zaidi, kusini magharibi mwa ziwa, katika Mkoa wa Geita. Kinaitwa Rubondo. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, kisha hifadhi ya taifa mwaka 1977. Watu waliokuwa wakiishi huko walihamishwa.

Sehemu kubwa ya Rubondo ni msitu mnene. Miti mirefu imefungamana na kamba za porini. Kando ya maji kuna matete na mafunjo. Humo anaishi mnyama anayeitwa nzohe. Nzohe ni jamii ya swala, lakini kwato zake ni ndefu na hutanuka. Kwa hiyo anaweza kutembea juu ya tope bila kuzama. Akiona hatari, huingia majini na kuacha pua tu nje.

Wako pia viboko, mamba, fisi maji na pongo. Simba na chui hawako. Juu ya miti hukaa furukombe, ndege mwenye kichwa cheupe, anayekamata samaki kwa kucha zake.

Wanyama wengine wa Rubondo si wenyeji. Waliletwa na binadamu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka Ulaya. Walikuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama na sehemu za maonyesho. Watu wengine walidhani watakufa, kwa maana walikuwa wamezoea kulishwa. Lakini sokwe hao walijifunza kutafuta chakula wenyewe msituni, na wakazaliana. Tembo na twiga nao waliletwa, na mpaka leo wapo. Faru pia waliletwa, lakini hawakudumu.

Rubondo ina faida hata kwa mtu asiyefika huko. Katika maji ya hifadhi hiyo uvuvi wa biashara umekatazwa. Samaki huzaliana humo kwa amani. Wakikua, wengi hutoka nje ya mpaka, kwa sababu samaki hajui mpaka. Huko nje wavuvi huwapata. Ni kama mtu anayeacha mtamba wake azae, badala ya kumchinja mapema.

KISIWA CHA UKEREWE

Sasa turudi Lamadi, tuelekee kaskazini mpaka Bunda. Kutoka Bunda tunaingia barabara ya Kisorya. Huko tunapanda kivuko. Mlango wa maji ni mwembamba, na ng'ambo yake ni Rugezi. Tumefika Ukerewe.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Kinakaribia kilometa za mraba 530. Mji wake mkuu ni Nansio. Wenyeji wake ni Wakerewe, pamoja na Wajita, Wakara na wengine. Wilaya ya Ukerewe ina visiwa vingi, zaidi ya 30. Vingine vina vijiji vikubwa. Vingine vina kambi za wavuvi tu.

Mgeni anayefika Ukerewe hufurahia mambo mengi. Kuna fukwe za mchanga. Kuna msitu wa kupandwa wa Rubya, unaoshuka mpaka karibu na maji. Kuna mashamba ya mihogo na mpunga, na miti ya michungwa na miembe inayoleta kivuli. Jioni jua hutua ndani ya ziwa, na maji huwa mekundu. Usiku taa za wavuvi wa dagaa huonekana mbali kama mji ulioelea juu ya maji.

KISIWA CHA UKARA

Kaskazini ya Ukerewe kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Ukara. Eneo lake halizidi kilometa za mraba 80. Wageni hupelekwa kuona jiwe linalocheza. Ni jiwe kubwa lililokaa juu ya jiwe jingine. Likisukumwa linatikisika, wala halianguki.

Lakini mimi naona kwamba ajabu kubwa ya Ukara si jiwe hilo. Ajabu kubwa ni udongo wake.

Udongo wa Ukara ni wa mchanga, unaotokana na mawe kama yale ya vilima vyetu. Hauna rutuba nyingi. Na watu walikuwa wengi tangu zamani. Katika miaka ya 1960 kila kilometa ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 200.

Hebu tufanye hesabu. Kilometa moja ya mraba ni karibu ekari 250. Ukigawa ekari 250 kwa watu 200, kila mtu anapata ekari moja na robo. Humo mna shamba, nyumba, njia, mawe na malisho, vyote kwa pamoja.

Watu wa Ukara hawakuweza kuhamia shamba jipya. Mbele ni maji, nyuma ni maji. Wangefanya nini? Walijifunza kulima shamba lile lile mwaka hadi mwaka bila kuliua. Wataalamu waliofika huko katika miaka hiyo walishangaa, wakaandika habari zao. Wakara walifanya mambo haya:

1. Waliwafuga ng'ombe ndani. Waliwakatia majani na kuwaletea. Hawakuwaacha watembee ovyo.

2. Walikusanya samadi yote. Kila mwaka waliibeba kichwani mpaka shambani.

3. Walipanda marejea katikati ya uwele. Marejea ni mmea wa jamii ya kunde. Uwele ulipovunwa, marejea yalibaki yakikua. Kisha yalifukiwa ardhini yawe mbolea.

4. Walibadilisha mazao. Baada ya uwele walipanda mtama na njugu mawe.

5. Walijenga kuta ndogo za mawe katika miteremko, ili mvua isichukue udongo.

6. Walipanda miti na kuitunza. Kila mti ulikuwa na mwenyewe. Hata majani ya kando ya ziwa yalikuwa na mwenyewe.

Hawakufundishwa mambo haya na mgeni. Waliyagundua wenyewe, kwa sababu waliona mwisho wa ardhi yao kwa macho. Mtu akisimama juu ya kilima cha Ukara anaona maji pande zote. Anajua kwamba ardhi yake ni hii tu.

Miaka imepita na mambo yamebadilika. Watu wameongezeka, mihogo imeenea, na wengi wanategemea uvuvi. Lakini somo la wazee wa Ukara halijapitwa na wakati.

KAMBA INAYOTUUNGANISHA

Mwanzoni nilisema kuna kamba inayounganisha visiwa hivi na shamba lako. Kamba hiyo ni mto.

Mkoa wetu umepewa jina la Mto Simiyu. Wakati wa kiangazi mto huu huwa mchanga mtupu katika sehemu nyingi. Tunafukua mchanga ili kupata maji. Lakini mvua zikinyesha, mto hujaa na kunguruma. Mto Duma nao huingiza maji yake humo. Kisha Mto Simiyu hupita Magu na kumwaga maji katika Ghuba ya Speke. Ng'ambo ya ghuba hiyo ndiko Ukerewe.

Je, maji ya mafuriko yana rangi gani? Si meupe. Ni ya kahawia, kama uji wa mtama. Rangi hiyo ni ya udongo. Na udongo huo umetoka wapi? Umetoka katika mashamba yetu.

Fanya jaribio hili. Siku mvua kubwa ikinyesha, chukua chupa nyeupe. Kinga maji yanayotoka shambani mwako. Weka chupa ndani usiku kucha, bila kuitikisa. Asubuhi itazame. Chini utaona tope limetulia. Pima tope hilo kwa kidole. Tope hilo ndilo tabaka la juu la shamba lako. Ndilo lenye samadi na rutuba. Umepoteza chakula cha pamba yako na mahindi yako. Na hiyo ni chupa moja tu.

Huko ziwani udongo huo huleta hasara ya pili. Maji huchafuka. Mazalio ya samaki kandokando hufunikwa na tope. Rutuba iliyotoka mashambani hulisha mimea ya majini isiyotakiwa. Wavuvi wanayajua magugu maji yaliyoingia katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Mahali yanapojaa, mtumbwi haupiti na nyavu hunasa.

Kwa hiyo korongo linaloanza nyuma ya nyumba yako Bariadi linamwibia mvuvi wa Ukerewe. Nawe mwenyewe unaibiwa mara mbili. Kwanza mavuno yako yanapungua. Pili, dagaa na sato unaowanunua mnadani wanaadimika na bei yao inapanda.

KIJIJI CHETU NACHO NI KISIWA

Huenda utasema, "Hao wa Ukara wamezungukwa na maji. Sisi tuna nchi pana."

Zamani maneno hayo yalikuwa kweli. Babu zetu waliposhindwa na shamba, walihama. Misitu ilikuwa mingi. Kisha misitu ikakatwa ili kuwamaliza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Watu na ng'ombe wakaongezeka. Leo ukitoka katika kijiji chako unaingia kijiji kingine. Upande wa mashariki kuna mapori ya hifadhi na Serengeti. Sisi nasi tumezungukwa. Tofauti ni kwamba hatuyaoni maji.

Lakini sisi nasi tuna elimu ya wazee wetu. Wasukuma walikuwa na ngitili. Ngitili ni eneo la malisho lililofungwa wakati wa masika, ili majani na miti vikue. Lilifunguliwa kiangazi, njaa ya ng'ombe ilipofika. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Wakati huo Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Mradi huo uliwahimiza watu kurudisha ngitili zao. Mahali walipofanya hivyo, miti ilirudi na kuni zikapatikana karibu. Ngitili ni kama Rubondo yetu. Ni mahali pa kuacha vitu vizaane.

MAMBO YA KUFANYA

Usingoje mradi. Anza na mambo haya:

1. Lima kwa kukata mteremko. Usilime kwa kufuata mteremko, maana kila mfereji wa plau utakuwa njia ya maji.

2. Ziba korongo likiwa bado dogo. Panga mawe na matawi kulivuka, kisha panda majani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Peleka samadi shambani. Samadi iliyolala zizini miaka mitano haimsaidii mtu.

4. Funga ngitili, hata kama ni ekari moja. Patana na majirani zako juu ya siku ya kuifungua.

5. Usilime ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka meta 60 kuwa eneo la kulindwa kando ya mito na maziwa.

Kama hujui kupima makingamaji, mwite bwana shamba wa kata yako. Hiyo ni kazi yake.

UKIENDA KUTEMBEA VISIWANI

Visiwa hivi ni vyetu. Si vya wageni kutoka Ulaya peke yao. Ukipata nafasi baada ya kuuza pamba, nenda ukaone. Lakini kumbuka usalama wako.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Siku hiyo kilibeba watu wengi zaidi. Watu zaidi ya 220 walikufa. Wengi walikuwa wametoka sokoni, wakirudi nyumbani kwao. Walikuwa wamebakiza meta chache tu kufika.

Kwa hiyo chombo kikijaa, usipande. Ngoja kingine, hata kama ni kesho. Vaa boya ukipewa, nawe ukikosa uliza. Usioge wala kukanyaga maji ya kando yenye majani, kwa sababu yana konokono waletao kichocho. Usisogelee matete penye mamba.

Na siku utakaposimama juu ya kilima cha Ukerewe, tazama kusini ng'ambo ya ghuba. Maji yakiwa ya kahawia, utajua yametoka wapi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini watu wa Ukara walitunza udongo wao kuliko watu wenye nchi pana?

2. Rubondo inawasaidiaje wavuvi walio nje ya hifadhi?

3. Taja makorongo yaliyomo kijijini mwenu. Yalianza lini? Yalianzia wapi?

4. Nani ana ngitili katika kijiji chenu? Ni ekari ngapi? Mkaitembelee pamoja na mwalimu wenu.

5. Hesabu: Kijiji kina ekari 6,000 na watu 2,400. Kila mtu anapata ekari ngapi? Linganisha na Ukara ya miaka ya 1960.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ghuba: sehemu ya ziwa au bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu.
Hifadhi: mahali palipotengwa ili wanyama, miti na samaki walindwe.
Kingamaji: tuta la kuzuia maji ya mvua yasichukue udongo.
Marejea: mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha ardhi.
Mazalio: mahali ambapo samaki hutaga mayai.